Chumba Unachokikataa Ng'ambo ya Mto Sondu

Mwanangu Akinyi,

Kosa wanalolifanya watu wengi, na sisi wenye vyeti hulifanya kwa majivuno zaidi, ni kudhani kwamba ukishajua chama cha mtu umekwisha kujua anachokitaka. Tunaona kadi, au fulana, au picha ukutani, kisha tunamjibia maswali yote: anampenda nani, anamchukia nani, atamfanyia nini mgeni akilala kwake. Kumuuliza yeye mwenyewe tunaona ni kupoteza wakati. Kosa hili nimelifanya kwa miaka mingi, na leo asubuhi nimegundua kwamba nimekurithisha.

Ile karatasi uliyonipa nimpe Mama Odongo aifikishe Sondu pamoja na magunia yake ya omena bado iko hapa mezani. Hukuifunga, kwa hiyo nimeisoma. "Mama Chebet, asante kwa chumba, lakini sitaweza kukaa. Nimepata mahali pengine." Hujapata mahali pengine, na wewe unajua. Sababu yenyewe niliisikia jana ukimwambia mama yako jikoni: "Siwezi kulala chini ya kalenda ya chama kile, Mama. Watu wale ni wale wale." Mama yako akakujibu, "Basi lala nje, kalenda haifiki huko." Ulicheka kidogo, lakini karatasi ukaiandika.

Habari ya kalenda ni mimi niliyekuletea, tena kwa kuchekesha, niliporudi kutoka kuangalia mahali utakapofundisha. Ningejua utaing'ang'ania hivi ningekueleza mengine niliyoyaona mle ndani. Nitakueleza sasa. Blanketi, dawa ya malaria, viatu vya matope, hayo mama yako ameyapanga na kuyapangua mara tatu, nami siongezi neno. Nina jambo moja tu, na sina budi kuanza na aibu yangu.

Ulikuwa darasa la sita mwaka ule wa mlolongo. Labda unakumbuka kwamba shule ilifungwa siku moja katikati ya wiki mkafurahi. Ilifungwa kwa sababu uwanja wetu ulitakiwa kwa uchaguzi wa kuteua mgombea wa chama. Chama kilikuwa kimoja tu nchini, na kila mtu mzima mwenye akili alikuwa na kadi yake, kwa kuwa bila kadi ungeweza kuzuiwa mlangoni mwa soko, au barua ya mtoto wako ikakosa mhuri. Mimi nilikuwa nazo mbili, kwa sababu ya kwanza ilifuliwa ndani ya suruali. Kadi hiyo ilikuwa mfukoni mwa mlevi na mfukoni mwa mchungaji, mfukoni mwa anayeisifu serikali na mfukoni mwa anayeilaani akiwa chooni. Haikukuambia lolote kuhusu mtu ila kwamba alitaka kuishi kwa amani. Lakini sisi tuliihesabu kama mapenzi.

Siku ile wagombea walikuwa wawili. Mmoja nitamwita Mheshimiwa, maana alipenda kuitwa hivyo hata na watoto wake wa kuzaa. Wa pili alikuwa karani wa ushirika, mtu mkimya. Kura haikuwa ya siri. Mtu alishika picha ya mgombea, na wewe unayemtaka mgombea huyo ukasimama nyuma ya picha, jua la utosini, huku jirani zako, chifu na askari wakikutazama kisogoni. Nilichaguliwa kuhesabu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu na watu waliniamini. Mlolongo wa karani ulitoka mstari wa katikati ya uwanja ukapita darasa la kwanza ukaenda kuishia kwenye ua wa kanisa. Wa Mheshimiwa uliishia kwenye nguzo ya goli.

Katika ule mfupi alisimama Owuor.

Unamjua kama mzee mwenye mashua mbili pale Dunga anayekutania kila mara kwamba umekonda. Hujui kwamba nilipofika Nyamasaria mara ya kwanza, mwalimu kijana asiye na sufuria, mama yake ndiye aliyenilisha. Owuor alikuwa kama ndugu yangu. Nikapita nikigusa mabega na kuhesabu, na nilipofika kwake nikasema kwa sauti ya kusikika, "Hata wewe, Owuor? Wamekununua na nini, kilo ya sukari?"

Hakugeuka. "Hesabu, Mwalimu," alisema. "Kazi yako leo ni kuhesabu."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile nilikibeba miaka minne.

Mchana huo nilipeleka fomu ofisini. Mkubwa mmoja aliipokea, akavaa miwani, akaivua, akanirudishia. "Mwalimu, hapa umekosea. Namba ya huyu umempa yule. Sahihisha."

"Nilihesabu mara mbili, Bwana."

"Basi umekosea mara mbili."

Nikasahihisha, Akinyi. Niliandika namba ya ule mlolongo mrefu mbele ya jina la Mheshimiwa, nikatia sahihi yangu nzuri ya kialimu chini yake, nikashukuru, nikatoka. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenitishia kwa maneno. Nikapanda baiskeli yangu nikarudi nyumbani, na chakula kilipowekwa mezani nikamwambia mama yako kwamba nchi hii inauzwa na watu kama Owuor. Nakuomba uisome sentensi hiyo tena. Aliyesimama juani mbele ya kila mtu nilimwita msaliti. Aliyegeuza namba ndani ya ofisi nilimwita mwalimu mkuu.

Baada ya miaka miwili mama yake Owuor akafariki. Kwetu huhitaji kuelezwa maana ya kutokwenda msibani. Watu watasahau ulichovaa, watasahau ulichochanga, lakini asiyeonekana siku ya kuzika hujadiliwa mpaka watoto wake waoe. Mimi sikwenda. Nilisema nina karatasi za mtihani za kusahihisha. Ukweli ni kwamba ilitangazwa kuwa Mheshimiwa angekuja kuhutubia, nami sikutaka kuonekana nimekaa chini ya turubai moja na "watu wake". Yule mama aliyenipa ugali bila kuniuliza nimetoka wapi nilimnyima hatua mia tatu za kutembea, kwa sababu ya picha ambayo mwanawe alisimama nyuma yake. Nilijiona nina msimamo.

Kisha vyama vikaruhusiwa kuwa vingi. Sitaki unielewe vibaya hapa: wako watu waliolipa kwa miili yao ili neno hilo liweze kusemwa, na hao nawavulia kofia. Dharau yangu naiweka kwa waliokuja baada yao kuvuna. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza. Wiki moja alikuwa akituambia kwamba anayetaka vyama vingi ni adui wa watoto wetu. Wiki ya pili alisimama juu ya pikapu pale barabara ya Nairobi, amevaa shati la chama kipya, mikunjo ya kiwandani bado inaonekana mgongoni, akituuliza kwa machozi ni nani aliyetutesa miaka yote hiyo. Mtu mzima, na machozi! Na umati uliomlaani ukamnyanyua juu. Hakubadili wazo hata moja, kwa sababu hakuwahi kuwa nalo. Alibadili shati, nasi tukasema ameokoka.

Mimi nilikuwepo. Nilipiga makofi. Mtu niliyempindulia namba kwa woga nilimpigia makofi kwa hiari yangu, na kama ungeniuliza wakati huo ningekueleza kwa hoja nne kwa nini sasa yeye ni mwenzetu.

Owuor alikuwa kando ya barabara ameegemea baiskeli yake. Akaniona. "Karibu, Mwalimu," alisema. "Mlolongo wangu ulikuwa mfupi sana siku ile. Leo naona umekuja na wenzako wote."

Nilisukuma baiskeli yangu kando ya yake mpaka kwenye njia ya kwake, na ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, swali la dakika moja lililonishinda miaka minne: siku ile alisimama pale kwa nini.

"Banda," alisema.

"Banda gani?"

"Banda la kupimia samaki. Yule karani wako mpole alikuwa ameahidi watu wa kwao atalihamisha Dunga alipeleke pwani ya kwao. Alisema hivyo ushirikani, mbele yangu. Wanawake wangebeba samaki kichwani kilomita ngapi? Mheshimiwa ni mjinga, lakini ni mvivu pia. Hawezi kuhamisha hata kiti. Nikasema, banda letu litabaki." Akatembea kidogo, kisha akasema, "Ungeniuliza, Mwalimu. Mdomo wa kunitukana ulikuwa nao. Wa kuniuliza ulikuwa umeuacha wapi?"

Kuhusu mama yake hakusema kitu. Mimi ndiye niliyemtaja. Akasema, "Alikuulizia. Alipokuwa mgonjwa. Alisema, mwalimu wangu siku hizi hapiti?"

Ndivyo nilivyolipwa kwa kusoma watu kwa nembo.

Tangu wakati huo nimevitazama vyama vyetu kwa makini, kama mtu anayekagua daftari la mwanafunzi mdanganyifu, na nakuhakikishia kwamba ndani hamna kitu. Kabla ya uchaguzi huu wa juzi nilipata ilani mbili, ya chama chetu na ya kile cha serikali. Nilifunika majina kwa karatasi nikawasomea walimu wenzangu stafurumu. Maji, barabara, shule, hospitali, vijana, umoja. Walibishana mpaka kengele ikalia ni ipi ya nani, na waliokuwa na uhakika zaidi ndio waliokosea. Hata waandishi wake nadhani wangekosea. Nilikwenda Dunga nikawauliza wanawake wa omena, wale wauza dagaa, chama chetu kinasema nini kuhusu gugumaji, hili linaloziba ziwa mpaka mashua zinasukumwa kwa miti kama zimekwama matopeni. Mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Mwingine akasema, "Mwalimu, chama kimewahi kula samaki? Sisi tunapiga kura ili tusiitwe wasaliti. Gugumaji tutaling'oa kwa mikono." Wakacheka wote, na wote walikuwa wamevaa leso za chama.

Owuor mwenyewe mwezi uliopita alimpigia kura mgombea wetu, mtu anayemdharau kuliko gugumaji. "Nilimpigia, nikatoka, nikanawa mikono," aliniambia. Lakini pale wanapohesabu, kura ya anayenawa mikono na ya anayeimba barabarani huwa moja. Jioni kiongozi husimama akasema watu wangu wamesema. Wamesema nini? Hawakuulizwa. Waliulizwa ni watoto wa nani na wanakaa upande gani wa mto, nao wakajibu kwa kuweka alama. Chama kwetu kimekuwa jina la ukoo lililopigwa chapa kwenye fulana, na wale walio juu ya pikapu wanataka kibaki hivyo hivyo, kwa sababu mtu akianza kuulizwa anachokitaka, wao watalazimika kukitafuta.

Sasa nikupeleke kwa Mama Chebet.

Nilifika kwake saa nne asubuhi. Nyumba ya mabati, ua uliofagiwa, ng'ombe watatu. Chumba chako kiko upande wa jikoni, kina dirisha na komeo la ndani, nililijaribu. Kalenda iko sebuleni, si chumbani kwako, na uso wa kiongozi wao yule mnene unakutazama kweli unapokunywa maziwa. Aliniona ninavyoitazama.

"Mzee, hiyo inakusumbua?" aliuliza.

Nikasema hapana, kwa namna ya mtu anayesema ndiyo.

"Walileta bure," alisema. "Zile za dukani zinauzwa. Mimi natazama tarehe ya kupeleka maziwa. Yeye hapo juu simtazami, labda yeye ndiye ananitazama mimi." Akacheka, akaniongezea chai.

Nikamuuliza kama ana kadi. Akasema anayo, aliichukua mwaka mtoto wake alipohitaji barua ya chifu kwenda chuo. Nikakumbuka zangu mbili. Kisha nikafanya nilichoshindwa kufanya na Owuor: nilimuuliza anataka nini. Alinitazama kama hajawahi kuulizwa, na nadhani hakuwahi. Halafu hakunyamaza tena. Anataka maziwa yalipwe mwezi huo huo, si mwezi wa tatu. Anataka daraja la mto lisiwe mahali pa kuogopa. Anataka shule isidai dawati kwa kila mtoto anayeanza. Anataka wakubwa wasije tu siku za mvua ya kura, akasema hivyo, mvua ya kura, wakiwachochea vijana halafu wakarudi Nairobi na kuwaacha akina mama wanazima moto. Unajua ni moto gani. Nyumba ziliungua upande wao na upande wetu, na sijamwona Mheshimiwa yeyote aliyekosa paa.

Niliporudi nilimsimulia Owuor maneno hayo yote, neno kwa neno, bila kumwambia ni ya nani. Alitikisa kichwa kwa kukubali tangu mwanzo hadi mwisho. "Huyo mtu ni wetu kabisa," alisema. "Chama chetu kingekuwa na watu kumi kama huyo!"

Nikamwambia anapokaa na kalenda aliyonayo.

Owuor akakuna shingo. "Basi," alisema, "sisi wote ni wajinga sana, Mwalimu, na tuna kadi za kuthibitisha."

Liko moja ambalo sikukuambia jikoni, kwa kuwa Mama Chebet hakuniambia nikutangazie. Nilipokuwa bado pale, shemeji yake aliingia. Hakunisalimu. Alisema kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili ili nisikie, "Kwa hiyo ni kweli? Unamweka mtu wa chama kile ndani ya nyumba ya ndugu yangu?"

Mama Chebet hakuinuka hata kwenye kigoda. "Naweka mwalimu wa watoto wako," alisema. "Ukipata mwalimu wa chama chako anayejua hesabu, mlete, nitampa kitanda changu."

Shemeji akatoka. Mjane, Akinyi, katika shamba la wakwe zake, ameshasema hivyo mbele ya shahidi. Sasa fikiria karatasi yako inamfikia leo jioni, na shemeji anaisikia habari yake kesho sokoni. Atakuja akicheka, meno yote nje. Atamwambia, ulimwonea huruma, naye kakukataa kwa sababu ya kalenda, nilikuambia watu wale ni wale wale. Maneno hayo hayo yako ya jikoni, kwa mdomo wake. Na baada ya hapo mjane yule hatamfungulia tena mlango mtu yeyote kutoka upande wetu, na hatakuwa na kosa.

Sikuahidi kwamba utapendwa huko. Wengine watakutazama kama shemeji alivyonitazama, na wewe utakuwa na haki ya kuogopa siku nyingine. Ukiogopa kwa sababu ya kitu ulichokiona au kukisikia, funga sanduku urudi, hakuna atakayekucheka katika nyumba hii. Ninachokukataza ni kumkimbia mtu ambaye hujamuuliza neno. Mimi nilifanya hivyo, na aliyeniulizia kama bado napita alifariki bila jibu.

Karatasi yako sitaichana, kwa sababu ni yako, wala sitampa Mama Odongo. Magunia yake ya omena yamekwisha kushonwa na anaondoka saa nane. Njoo hapa mezani, kaa kwenye kiti changu, mwandikie Mama Chebet kwamba kesho unafika, na umpelekee Mama Odongo karatasi hiyo mpya kwa mkono wako mwenyewe kabla hajaondoka leo.